Barua za Meza Dukani kwa Mzee Jayanti

Juzi mlinitumia linki ya kundi lenu, wanangu, lile la wapiga picha wa Shinyanga na Geita. Neema akaniandikia kwa adabu zote: "Mama, humu haingii kila mtu. Mtu anaingizwa na aliyemo, na aliyemo ndiye anayemjibia." Nilicheka peke yangu mpaka paka akatoka nje. Maneno hayo niliyasikia wengi wenu hamjazaliwa.

Linki yenyewe sijaibonyeza mpaka leo. Msinune. Nataka niwasimulie kwanza kwa nini kidole kinasita, kisha mtaamua kama bado mnanitaka.

Kazi yangu mnaijua. Nilipigia picha gazeti la Dar es Salaam, nikikaa mtaa wa Kambarage hapahapa, na eneo langu lilikuwa Shinyanga yote, Kahama, Runzewe, na machimbo ya Geita mpaka barabara inapoishia. Mhariri wangu nilionana naye mara mbili katika miaka yote hiyo. Mara ya kwanza alidhani mimi ni mke wa mpiga picha nimeletwa kuchukua barua.

Ninyi mnapiga picha na kabla hujashusha mkono imeshafika. Sisi tulikuwa na mkanda wenye picha thelathini na sita, na kila moja ulitakiwa uifikirie. Ukirudi gesti, unasafisha mkanda mwenyewe chooni, mlango umezibwa kwa blanketi. Dawa ya kusafishia haitaki joto, na Geita wakati wa kiangazi maji ya bombani yanatoka yameiva tayari. Dawa yake ni mtungi. Chimbia chupa zako kwenye mchanga uliolowa chini ya mtungi wa maji ya kunywa, saa nzima, hapo zitapoa. Na mwambie mwenye gesti mapema. Mimi sikumwambia, mjomba mmoja akataka kuonja akidhani ni gongo. Tulimnywesha maziwa mpaka akaapa hataonja tena chupa ya mtu.

Kupeleka mkanda Dar ndiyo ilikuwa elimu yenyewe. Unampa kondakta wa basi. Lakini kondakta akiona bahasha ya gazeti anaitupa mbele kwenye kioo, jua linaichoma, picha zinafika zimeungua. Nikabuni ujanja: juu ya bahasha nikaandika "Dawa ya mtoto". Kondakta gani atachoma dawa ya mtoto kwa jua? Waliibeba kifuani. Siku moja nikampata kondakta mwenye moyo mzuri kupita kiasi. Alipofika Dar hakumsubiri mtu wa gazeti. Aliona anachelewa, mtoto anaumia, akaipeleka mwenyewe hospitalini, akasimama getini akiuliza mtoto mgonjwa wa Shinyanga yuko wodi gani. Picha zangu za ziara ya waziri zilipatikana baada ya siku nne kwa muuguzi wa zamu, na waziri mwenyewe alikuwa ameshabadilishwa wizara.

Hayo nacheka sasa. Kuna jambo moja ambalo hakuna mtu aliyeniambia nilipoanza, nalo ni upweke. Unafika mahali, unaamkia watu, unakula nao, wanakupa siri zao na nyuso zao, kesho yake unaondoka na huwaoni tena. Ukirudi nyumbani nako unakuta ndoo yako imehamishwa na watoto wa dada wanakuamkia kama mgeni. Nilikuwa na mchumba, fundi seremala, mtu mpole. Alioa mwanamke aliyekuwepo. Simlaumu. Siku ya harusi yake mimi nilikuwa Runzewe napiga picha za daraja lililochukuliwa na maji, na nililia kidogo, kisha nikabadilisha mkanda.

Na kwa mwanamke kulikuwa na upweke wa ziada. Machimboni, mdomo wa duara, yaani lile shimo wanaloshukia wachimbaji, mwanamke hasogei. Wanasema dhahabu inakimbia. Unaweza kupika, kuuza maji, kutwanga mawe kutwa nzima kwa nyundo, lakini duara hulikaribii. Kwa hiyo mimi nilipiga picha za machimbo ya Geita miaka mingi nikiwa nyuma ya kamba ya katani, nikitumia lenzi ndefu kama mtu anayechungulia harusi ya jirani.

Kwenye kamba hiyo ndipo nilipokutana na Lurdes.

Alikuwa mpiga picha kutoka Msumbiji, sehemu za kaskazini kule ambako Kiswahili kipo, ila chake kilikuwa na chumvi ya pwani iliyonichekesha. Magazeti ya nje yalikuwa yakimtuma huku na kule. Alikuja Geita kwenye rashi, dhahabu ilikuwa imeonekana mahali papya na watu walikuwa wanamiminika. Msimamizi wa duara, mtu mmoja akiitwa Masanja, akamzuia kwa upole mkubwa.

"Dada, wewe ni mgeni wetu. Lakini hapa hapana."

"Nimevuka mpaka kuja kuliona hilo shimo," Lurdes akamwambia.

"Shimo lipo, dada. Litazame ukiwa hapohapo."

Akaja akakaa karibu yangu, tukawa wawili nyuma ya kamba. Siku tatu tulizunguka pamoja. Tuliacha duara na wenyewe, tukaenda kwa akina mama wanaotwanga mawe, na nawaambia ukweli, picha zetu za vumbi lile jeupe kwenye kope za wanawake ndizo zilizodumu. Za duara kila mtu alikuwa nazo. Siku anaondoka, tukinywa chai kwenye kibanda cha mabasi, akaniuliza: "Wewe ukichoka unaongea na nani?"

Nilitaka kumtajia mtu. Nikakuta sina.

Ndipo akaniambia habari za Meza.

Meza ilikuwa kundi la barua za kompyuta. Watu kama arobaini, wapiga picha wa habari, wote wa barabarani, kila mmoja na nchi yake. Unaandika barua moja, inawafikia wote. Hapakuwa na picha humo, nyuzi za simu za wakati ule zisingeweza kuzibeba. Yaani watu arobaini wanaoishi kwa picha, wakajuana kwa maneno matupu. Huwezi kujiunga mwenyewe. Lazima mtu akuvutie kiti, na kila mtu ana kiti kimoja tu cha kutoa, maisha yake yote. Ukimkaribisha mtu, unamjibia. Akiharibu, mnatoka wote wawili. Na sheria kubwa ilikuwa kwamba yanayosemwa mezani hayasomwi na asiye na kiti, awe mhariri, awe mke, awe nani.

Lurdes alikuwa hajatoa kiti chake. Akanipa mimi.

Sasa, kompyuta nitaitoa wapi Shinyanga? Palikuwa na chache, na ya kufikika kwangu ilikuwa moja, ya Mzee Jayanti.

Mzee Jayanti alikuwa na studio na duka la vifaa vya picha hapahapa Kambarage. Babu yake alikuja kutoka Gujarati, yeye mwenyewe alizaliwa Shinyanga na kwenda mbali kwake kulikuwa Mwanza. Nusu ya mji ilipigwa picha za pasipoti na yeye, amekuambia uinue kidevu, usicheke, sasa cheka kidogo. Ndiye aliyenifundisha chumba cha giza nikiwa msichana. Alinifundisha kwa kunikaripia. "Kabula, umeweka dole lako kwenye uso wa bwana harusi. Atakaa na dole lako ukutani miaka hamsini." Mkewe alikuwa amefariki, watoto wake wawili wako ng'ambo, na huyo wa kiume ndiye aliyemletea kompyuta na kile kidude kinacholia kwenye simu, ili waandikiane. Waliandikiana miezi miwili, kisha mtoto akapata kazi nyingi.

Nikamwomba anwani yake niitumie. Akakubali kabla sijamaliza kuomba. Mchana baada ya chakula, mji ukiwa umelala na laini ya Dar iko wazi, alipiga simu, kidude kikapiga kelele zake, barua zikaingia. Alizitoa kwenye karatasi zile ndefu zenye matundu pembeni, akazikunja, akazitia kwenye mfuko mweusi wa karatasi za picha. Mfuko ule unaujua anayejua kazi, haupenyezi mwanga hata chembe. Nikirudi safari napita dukani, shikamoo Mzee, marahaba binti, ananikabidhi mfuko wangu. Na yangu niliyoandika kwa mkono namwachia, anaichapa na kuituma.

Ninyi wenyewe mmeshaliona kosa. Mimi sikuliona. Niliona mfuko mweusi nikaridhika.

Nawezaje kuwaeleza raha ya mfuko ule? Nilikuwa naupeleka safarini bila kuufungua. Nikifika Runzewe au Bukombe ndanindani, nikishaoga na kutandika kanga juu ya shuka la gesti, ndipo naufungua. Mtu mmoja anasema mpaka fulani una askari mkorofi, pita saa nne akiwa kwenye chai. Mwingine anauliza nani amewahi kukausha kamera iliyoanguka mtoni. Nikamjibu mimi, pumba za mpunga, siku mbili, na akaja kunishukuru. Mwingine anasema leo nimeshindwa kupiga picha, mikono ilikataa, na hakuna aliyemwambia jikaze. Mhariri ungemwambiaje neno hilo? Mama yangu ningemwambiaje? Mezani hakuna uliyetakiwa kumwonyesha ushujaa. Na kwamba si kila mtu anaingia, hilo nalo lilikuwa tamu, nisiwafiche. Mimi niliyesimama nyuma ya kamba ya Masanja miaka yote, sasa nilikuwa na kamba yangu na nilikuwa upande wa ndani.

Palikuwa na desturi moja pale. Mtu akizidiwa, aliandika neno moja tu: "Kuna mtu mezani?" Na yeyote atakayeliona anatakiwa ajibu, hata kama hana la kusema.

Mzee Jayanti naye alianza kuwa na vijineno. Siku moja nanunua mikanda, akasema kwenye nchi za baridi kali betri za kamera zinakufa upesi, mtu anatakiwa azilaze kwapani. Nikajiuliza Mzee wa Shinyanga amejulia wapi baridi kali. Siku nyingine akaniuliza kama pumba za mpunga zinafaa pia kwa redio. Nikamwambia zinafaa. Sikushtuka hata hapo. Mkitaka kujua ujinga wa mtu aliyezoea kuona kwa jicho moja, huo.

Basi ikatokea rashi nyingine, mbele ya Runzewe, nikakaa huko karibu wiki tatu. Mvua ilikata njia. Nilirudi Shinyanga nina matope mpaka kwenye nywele, nikachukua mfuko wangu, na safari hiyo nikaufungulia nyumbani.

Palikuwa na mtu wa Meza akiitwa Emil. Alikuwa mji mmoja wa milimani ambako vita vilikuwa vimepita. Barua yake ya kwanza ilikuwa na neno lile, kuna mtu mezani. Ya pili, siku iliyofuata, neno lilelile. Ya tatu ilieleza kwamba amejifungia chumbani, hajala, kamera ameifunika kwa taulo kwa sababu hataki imtazame. Hakuna aliyekuwa amejibu. Siku hizo wote walikuwa barabarani kama mimi.

Barua ya nne ilikuwa imeandikwa kwangu. Ilisema: "Kabula, asante. Nimefanya ulivyoniagiza. Nimeshuka jikoni, nimemwomba mama wa hoteli, amenipikia wali na dengu. Nimekula ule wali laini unaosema anapewa mgonjwa. Halafu nimeosha sahani mwenyewe, kama ulivyosema, ili mikono iwe na kazi. Barua zako nne nimeziweka chini ya mto. Sijawahi kuandikiwa hivi na mtu."

Barua nne. Mimi sikuwa nimeandika hata mstari. Na mimi dengu sili, nikila tumbo linavimba, watu wote wa Kambarage wanajua.

Nilikwenda dukani na kandambili za kuogea. Mzee Jayanti alikuwa anapanga fremu. Nikaiweka barua kwenye kaunta. Akaitazama, akavua miwani, hakukana.

"Umezisoma," nikamwambia.

"Tangu ya kwanza."

"Zote, Mzee?"

"Zote. Mashine inatoa pole pole, mstari mmoja mmoja. Macho yangu yako wapi? Yako hapo."

"Na ukamjibu kwa jina langu."

"Kabula, sikiliza. Mtu anapiga hodi siku tatu. Mlango uko dukani kwangu. Mwenye nyumba hayupo. Nifanyeje mimi? Nizime mashine niende kulala?"

Nilikuwa na jibu la haki mdomoni, nalo ni kwamba ikijulikana, Lurdes anatoka. Meza ndiyo iliyomjulisha njia za kupita na watu wa kumlaza nchi ambazo mwanamke peke yake hapiti. Nikamwambia hilo, na lilikuwa kweli. Lakini si hilo lililokuwa linaniwasha, wanangu. Nimezeeka, niwaambie. Niliona wivu. Barua ile ndiyo ya upendo kuliko zote nilizowahi kuandikiwa maishani, na haikuwa yangu. Ndipo nikasema neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo.

"Mzee, wewe hukualikwa."

Alirudisha miwani. Akachukua kitambaa, akafuta kioo cha fremu kilichokuwa safi.

"Kweli," akasema. "Sikualikwa."

Mwanza palikuwa pamefunguliwa chumba cha kompyuta, unaingia na kupewa anwani yako mwenyewe. Nikahamishia barua zangu huko. Ilikuwa safari ya basi ya nusu siku kwenda kusoma barua, na nilikuwa naenda. Sikumwambia mtu mezani. Na Emil nilimwandikia kama vile zile barua nne ni zangu. Akaendelea kunifungulia moyo miezi na miezi, akiniita dada, akinipa habari za chakula chake. Amejifunza kupika dengu mwenyewe. Ameziunguza. Safari hii hazikuungua. Nikawa nakula heshima ya mtu mwingine, na nikawa najibu kwa uangalifu mkubwa nisije nikajulikana kwamba sijui kufariji. Niliporudi gesti na barua zile hazikunipa tena ile raha. Zilikuwa barua za mtu mwingine zilizofika kwangu.

Mikanda niliendelea kununua kwa Mzee Jayanti. Shikamoo, marahaba. Alinipa ya kwenye friji kama kawaida yake, ile ambayo haijapigwa na joto. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua, juu yake ameweka kalenda. Aliniuliza mara moja tu. Alikuwa ananirudishia chenji, akaishikilia kidogo.

"Yule Emil. Anakula?"

Nilikuwa nimetoka Mwanza jana yake. Nilikuwa najua mpaka kitunguu alichotia.

"Sijui, Mzee," nikasema. Sheria ni sheria.

Akanipa chenji yangu. Hakuuliza tena, na mimi nilijiambia nimefanya vizuri kulinda siri.

Ilipita zaidi ya mwaka, Lurdes akaja tena, safari hii akielekea Tabora, akalala kwangu siku mbili. Amekonda, amenyoa nywele, anacheka kama zamani. Tulikuwa stesheni tunasubiri treni ambayo ilikuwa imechelewa, na mnajua treni ile ikichelewa mtu anaweza kutubu dhambi zote. Nikamwambia kila kitu. Nilitegemea anikasirikie kwa sababu ya kiti chake. Akauliza:

"Huyo mzee ni mpiga picha?"

"Wa studio. Kapiga picha mji mzima."

"Na wewe kiti chako ulimpa nani?"

"Sijampa mtu. Ninacho."

Lurdes akanitazama tu. Wanangu, ile karatasi ya picha ukiitia kwenye dawa, picha inakuja pole pole, kwanza kivuli, halafu sura. Ndivyo nilivyoliona jambo lile, nikiwa nimekaa juu ya sanduku stesheni ya Shinyanga. Mwaka mzima nilikuwa na kiti mkononi. Sheria niliyomfungia nje Mzee Jayanti ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na mlango wa kumwingizia. Neno moja tu lingetosha. Na halikunipitia kichwani hata siku moja, kwa sababu nilichokuwa nakipenda kwenye kile kiti ni kwamba wengine hawana.

"Nenda," Lurdes akasema. "Treni hii haiji leo."

Nilikwenda Kambarage kwa baiskeli ya kukodi. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na magodoro, yamepangwa mpaka darini, na kijana wa Kikinga ambaye sikumjua.

"Mzee Jayanti yuko wapi?"

"Ameondoka, mama. Hii wiki ya tatu. Mwanawe alikuja kumchukua."

"Ameacha anwani?"

"Kwangu hajaacha. Aliniachia hii kaunta tu."

Mimi nilikuwa mbali wiki hizo tatu, kazini, Geita, nikarudi siku ileile aliyofika Lurdes. Nikamwuliza kuhusu kompyuta, akasema iligawiwa shule, hajui ipi. Nikasimama mbele ya ile kaunta nikiwa sina cha kununua. Yule kijana kwa huruma akanionyesha godoro la inchi nne.

Nilipomrudia Lurdes nilimwambia nataka kuandika ukweli mezani, lakini nikiandika na yeye anatoka. Akafikiri kwa muda mrefu, na sikumharakisha, maana alichokuwa anapoteza ni kikubwa kuliko changu. Mwishowe akasema: "Andika. Nitapita njia nyingine." Nikaandika, nikiwa Mwanza, barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikasema nani alisoma, nani alijibu, na nani alidanganya. Wengine walitutetea. Lakini mzee mmoja wa pale mezani, mtu wa haki, akasema sheria haikuandikwa kwa ajili ya siku nzuri tu, na wengi wakamuunga mkono. Tukatoka wote wawili. Lurdes tuliandikiana kwa posta miaka michache, kisha barua zikaacha kuja, na sijui kama ni yeye au ni posta.

Emil aliniandikia mara moja tu baada ya hapo, nje ya Meza. Hakunilaumu. Aliuliza jina la Mzee lilivyo, kwa ukamilifu wake. Akasema: "Mwambie nakula."

Nilimtafuta, wanangu. Niliuliza kwa wafanyabiashara wenzake wa Shinyanga, nikauliza hekaluni kwao, nikapewa jina la mji wa ng'ambo lisilo na mtaa. Niliandika huko mara mbili. Alikuwa mtu mzima tangu wakati ule, kwa hiyo hesabu naijua hata bila kuambiwa.

Hiyo ndiyo sababu kidole kinasita kwenye linki yenu. Neema ameniambia kwamba na kwenu kila mmoja ana nafasi ya kumleta mtu, na kwamba nikiingia na mimi nitakuwa nayo. Mimi ningekuwa na mtu wa kumleta, lakini nimechelewa miaka mingi. Pengine nitabonyeza kesho. Ila leo niacheni niseme mbele yenu jambo nililotakiwa kulisema kwenye ile kaunta, chenji yangu ikiwa bado mkononi mwake.

Anakula, Mzee. Emil anakula. Wali laini na dengu, anapika mwenyewe, na sahani anaosha.